Joto Bila Moshi: Fundi wa Maziwa wa Londiani na Mama Mkwe Wake

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Londiani bado haijaonekana. Ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi, na nyasi za uani zimekuwa nyeupe kwa sakitu. Celine Chepkirui anaingia zizini akiwa amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na kofia ya sufu aliyoivuta hadi masikioni. Ng'ombe wanne wanamgeukia wakitarajia ndoo.

Ndoo hana. Mkononi ana brashi ya kupakia rangi na spana namba kumi na tatu. Anampita ng'ombe wa kwanza, anampiga wa pili kofi la kirafiki ubavuni ili ampishe, kisha anapanda juu ya jiwe.

Ukutani, nyuma ya mbao zilizopigwa ili pembe zisifike, pametundikwa wavu wa paipu za shaba na feni moja iliyokuwa ndani ya friji ya soda. Celine anaanza kuusugua polepole kwa brashi. Manyoya ya ng'ombe yanadondoka, na vumbi la nyasi kavu linamwingia puani. Anapiga chafya, anajiombea baraka mwenyewe, anaendelea.

"Weka mkono hapa," anamwambia mwandishi. "Hewa inaingia ikiwa na joto ya ng'ombe, inatoka ikiwa baridi. Sasa jiulize hiyo joto imeenda wapi."

Imekwenda hatua nane kutoka hapo. Paipu mbili zilizovikwa vipande vya godoro kuukuu zinatoka zizini, zinapita chini ya ukingo wa paa na kuingia chumba kidogo cha nyumba ya mbao. Ndani ya chumba hicho, bikizee Chepkemboi ameketi kitandani, miguu mitupu, anakunywa chai. Hakuna jiko, hakuna kuni, wala hakuna mtu anayefikicha macho kwa moshi. Kipimajoto kilichoning'inizwa kwenye msumari kinaonyesha nyuzi ishirini. Nje ni mbili.

Chepkemboi ana miaka sabini na sita kwa hesabu za kanisa. Celine ni mke wa marehemu mwanawe. Na mashine hii, ambayo Celine aliiunda kwa vyuma vya kuokoteza, ndiyo sababu bikizee huyo bado yuko nyumbani kwake mwezi huu wa Agosti 1996.

Celine, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni fundi katika kituo cha wakulima cha kupoza maziwa, mwendo wa kilomita nne kutoka kwake. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba maziwa yanayoletwa asubuhi kwa punda, kwa baiskeli na kwa migongo ya watu yanapoa kabla hayajachacha. Kompresa ikinyamaza, lita elfu tatu za watu zimekwenda. Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi elfu tano na mia mbili kwa mwezi.

Hakuzaliwa fundi. Alianza kituoni akiwa mpima maziwa, kalamu sikioni. Mwaka 1991 mumewe, Kipkurui, alikufa katika ajali ya lori akienda Nakuru. Celine aliachwa na mabinti wawili, ambao sasa wako shule ya bweni, na ndugu wa mume walioanza kumuuliza, kwa sauti ya upole mno, ni lini anafikiria kurudi kwao.

Aliyewajibu hakuwa yeye. Chepkemboi alibeba kigoda, akakiweka mlangoni, akakaa. "Nilikaa hapo siku tatu," anasema bikizee huyo kwa Kiswahili alichokiokota sokoni. "Nikawaambia, huyu ni mtoto yangu. Mwenye anataka kumtoa, aanze na mimi. Nani angenitoa? Niko na meno mbili, lakini nauma."

Baadaye mwaka huohuo aliuza ng'ombe aliyekuwa na mimba ili Celine akasomee ufundi wa friji huko Nakuru, miezi tisa. Majirani walishika vichwa. Ng'ombe mwenye mimba auzwe ili mjane akasomee friji, tena Londiani, mahali ambapo maji ya mtungini yanaumiza meno!

"Mimi sikuelewa hata friji ni nini," Chepkemboi anakiri. "Niliona tu huyu mtoto analia sana, nikasema heri alie akiwa na kazi."

Kwa desturi ya kwao, mama huzeekea katika boma la kitinda mimba wake. Kipkurui alikuwa kitinda mimba. Kwa hiyo hata baada ya Kipkurui kuzikwa nyuma ya zizi, karibu na baba yake, mama hakuhama. Wajane wawili, mkubwa na mdogo, wakawa ndio wenye nyumba.

Taabu ilianzia kifuani. Chepkemboi amekaa kando ya moto wa kuni tangu azaliwe. Amepikia moto huo, amelea watoto kando yake, amekausha vibuyu vya mursik, yale maziwa ya mgando, kwa makaa yake, na miaka ya uzeeni alikuwa akilala palepale jikoni kwa kuwa ndipo penye joto. Julai mwaka jana alipelekwa hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi. Alilazwa wiki tatu.

Muuguzi Jennifer Nyathira wa kituo cha afya, ambaye humtembelea tangu aliporuhusiwa, hakuwazungusha. "Nilimwambia Celine ukweli," anasema, akimwita bikizee Kogo, yaani bibi. "Kogo akirudi kwa moshi, hii kifua haifiki Krismasi. Na makaa usiingize kwa chumba imefungwa, inaua watu wakiwa wamelala. Lakini pia baridi isimpate. Nilikuwa najua nasema mambo mawili haiwezekani pamoja, lakini ningesema nini?"

Celine alijaribu kwanza njia ya watu wengi: hita ya koili, ile inayowaka nyekundu. Bili ya stima ya mwezi wa kwanza ilikuja shilingi elfu mbili na mia tatu. Aliirudisha hita kwa mwenyewe siku hiyohiyo, na alfajiri mama akarudi kuwasha moto kidogo wa kuni.

Hapo ndipo shemeji yake, Kiplimo, alipotoa neno. Kiplimo ni kaka mkubwa wa marehemu na ana shamba Ndanai, ambako hakuna baridi ya kutisha. Si mtu mbaya, na hata Celine anasema hivyo mara mbili bila kuulizwa. Alikuja Februari mwaka huu, akanywa chai, akasema: "Shemeji, mimi sikulaumu. Lakini mama hawezi maliza Julai ingine hapa. Ikifika Jumamosi ya kwanza ya Julai na hajapata joto isiyo na moshi, nakuja na pikapu."

Chepkemboi alikataa kata kata. Ndanai hakuna kaburi la mumewe, hakuna ng'ombe anaowajua kwa majina, hakuna huyo mtoto aliyemkalia mlangoni siku tatu. Lakini alikataa kwa sauti inayokatika kila baada ya maneno manne, na kila aliyekuwemo chumbani alisikia mwili wake ukimjibu kinyume. Celine anasema usiku huo hakulala. Alijua kwamba akimzuia mama na mama akafa, hatajisamehe, na akimwachia aende, atakuwa amemtoa nyumbani yule aliyekataa yeye atolewe.

Jibu lilikuwa mgongoni mwa mashine aliyokuwa akiihudumia kila siku.

Mwenye kujua kituo cha kupoza maziwa anajua kwamba mahali pazuri kuliko pote asubuhi ni nyuma ya mtambo, pale feni inapotupa hewa ya moto. Wafanyakazi huanika soksi hapo. Akina mama walioleta maziwa hujibanza hapo wakingoja makopo yao yarudishwe. Celine alikuwa akiwafukuza kila siku kwa kuwa wanaizibia mashine pumzi. Asubuhi moja ya Machi, mvua ikamkuta uani, akajibanza hapo yeye mwenyewe.

"Nikajiuliza: mimi kila siku natoa joto kwa maziwa ya watu, natupa nje, halafu naenda nyumbani nakuta mama anatetemeka. Si mimi ni mjinga?" anasema, akicheka kicheko kisicho na raha nyingi.

Kulibeba joto la kituoni kilomita nne hakuwezekani. Lakini kama mashine inaweza kulitoa joto katika maziwa, kwa nini isilitoe katika hewa? Aliwaeleza wenzake, nao wakacheka hadi mmoja akalazimika kuketi. Hewa ya Londiani ina joto gani?

"Niliwaambia, kama haina joto kabisa hata sisi tungekuwa tumeisha. Joto iko, ni kidogo, na imetapakaa. Gesi kwa paipu iko baridi kushinda hiyo hewa, kwa hivyo inanyonya. Halafu kompresa inaifinya mpaka inakuwa moto. Ni kama vile tunakusanya maziwa: hapa lita mbili, pale lita tatu, mpaka tangi inajaa. Hakuna mkulima analeta tangi mzima."

Alinunua friji ya maonyesho ya bucha iliyokufa, kwa shilingi mia nane, akaifumua. Sehemu inayonyonya joto akaiweka nje, nyuma ya nyumba. Sehemu inayolitoa akaiingiza chumbani kwa mama, na feni mbele yake. Kuta akazibandika magunia na maboksi, tabaka tatu, na juu akapiga dari ya plaiwudi. Ilimchukua Jumapili zote za Aprili na Mei, baada ya kanisa.

Wiki ya kwanza ya Juni akawasha. Saa mbili baadaye Chepkemboi alivua sweta. Celine alitoka nje akajifungia chooni, kwa maneno yake mwenyewe, "nilie kidogo kwa nafasi yangu."

Asubuhi ya tatu, wanawake wawili majirani walifika na maziwa na nyuso za msiba. Walikuwa wameona siku tatu mfululizo paa la bikizee halitoi moshi alfajiri, na hapa kwao paa kama hilo lina maana moja. Walimkuta marehemu wao akipiga gumzo na redio.

Basi furaha hiyo haikumaliza wiki mbili.

Celine alikuwa anajua jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Hewa ya Londiani si baridi tu, imejaa unyevu pia. Paipu za nje zikinyonya joto, unyevu ule huganda juu yake, na baada ya saa kadhaa mashine nzima inavaa barafu. Yeye alikuwa akiizima kila alipokuwa nyumbani, barafu iyeyuke, kisha anaiwasha tena. Alipanga kutafuta dawa ya hilo siku moja.

Asubuhi moja ya katikati ya Juni aliondoka akaiacha inanguruma. Kitu kama saa tatu, Chepkemboi alitoka kuwatupia kuku mahindi. Akaizunguka nyumba. Akaiona.

"Ilikuwa nyeupe yote," anasimulia, na mikono yake inaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. "Mimi ndani nasikia joto, nimekaa kama bibi arusi, na yeye hapo nje ameganda. Anatetemeka, ngrr, ngrr. Nikasema, kumbe huyu ananipatia joto yake yote! Nilisikia aibu."

Chepkemboi amelea ndama wasiohesabika. Kwake, kiumbe kinachotetemeka asubuhi yenye sakitu hakingojwi kijieleze. Alirudi ndani, akachukua blanketi lake zito la kijivu, akaifunika mashine kote, akakaza kwa kamba ya katani, mafundo manne, kama anavyomfunga ndama aliyezaliwa usiku. Juu akaongeza gunia. Kisha akaipapasa na kuiambia pole.

Celine alirudi saa tisa alasiri. Chumba kilikuwa baridi, na bikizee alikuwa amejikunyata kitandani akikohoa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na harufu ya kuungua. Mashine iliyonyimwa hewa ilikuwa imeganda hadi mwisho, gesi ikarudi kwenye kompresa ikiwa majimaji, na kompresa ikavunjika ndani kwa ndani. Alipoitikisa ilisikika kama kopo la misumari.

"Nilikasirika," Celine anasema, na hapa anaacha kucheka. "Sitakudanganya. Nilimuuliza, 'Mama, ni nani alikuambia?' Kwa sauti. Sijawahi kumpandishia sauti tangu niolewe. Akasema, 'Nilimwonea huruma.' Nikakaa chini kwa matope."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu Kiplimo aje. Kompresa nyingine hakuwa nayo, wala pesa ya kuinunua. Lakini lililomuuma zaidi, anasema, ni kwamba alijua kosa lilikuwa la nani. "Nilimwonyesha swichi, sikumwonyesha mashine. Nilifikiri ni mzee, hatajali. Kumbe ndiye alijali kuliko sisi wote."

Bikizee alisogea akasimama kando yake, amejifunga leso. Kisha Chepkemboi akauliza swali. Hakulisema kama shauri. Alikuwa anatafuta namna ya kuomba msamaha.

"Kwa nini mnamlaza nje? Ndama akiwa dhaifu tunamlaza katikati ya ng'ombe. Huyu kama anataka hewa na nje inamgandisha, si umpeleke kwa ng'ombe?"

Celine aliinua uso. Aliingia ndani, akatoka na kipimajoto chake cha maziwa, akaenda zizini. Ni zizi la mbao za magome, limezibwa vizuri kwa sababu ya upepo, na ng'ombe wanne hulala humo. Kesho yake alfajiri alipima tena. Nje, nyuzi sita. Zizini, kumi na nne.

"Nyuzi nane!" anasema, akivionyesha vidole kana kwamba bado hajaamini. "Hewa ya nyuzi kumi na nne haigandishi paipu yangu. Na hiyo joto tayari ilikuwa inapotea bure kwa paa. Mimi nilienda Nakuru miezi tisa, na jibu ilikuwa na mama, hapa, na hajui hata friji."

Kilichobaki kilikuwa kompresa. Alimwendea Muchiri Gachanja, mwenye duka la jumla mjini, ambaye friji zake mbili za soda amezitengeneza mara nyingi. Muchiri ni mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Alimsikiliza hadi mwisho, akaelekeza kidole kwenye friji iliyokuwa karibu na mlango.

"Toa hiyo kompresa yake, na paipu, na feni," akamwambia. "Friji ya soda Londiani mwezi wa saba ni mapambo. Nani anakunywa kitu baridi hapa? Soda zangu zinapoa zenyewe. Wewe utanitengenezea tu ile ya nyama ikiharibika."

Jumatano tarehe tatu Julai, siku tatu kabla ya pikapu, mashine ya pili iliwashwa. Safari hii Celine alimshika mama mkwe wake mkono, akampeleka zizini, akamweleza kila kipande: hiki kinanyonya, hiki kinafinya, hapa hapafunikwi hata malaika akishuka. Chepkemboi aliuliza maswali kumi na moja. La mwisho lilikuwa kama ng'ombe hawataumia kwa kunyonywa joto lao. Celine akamwonyesha kwamba linachukuliwa lile wanalolipumua tu.

Jumamosi ikafika, na Kiplimo akafika nayo. Pikapu ya kukodi ilikuwa na godoro nyuma na turubai juu. Manyunyu yalikuwa yakidondoka. Mzigo wa mama ulikuwa tayari kizingitini, mablanketi mawili, kibuyu cha mursik, na picha ya marehemu mumewe ndani ya kanga. Aliufunga mwenyewe. Hata baada ya siku tatu za joto hakuwa na hakika, na hakutaka watu wagombane juu yake.

Kiplimo aliingia akiwa na koti kubwa, akasalimu, akaketi kwenye kiti kilicho mkabala na kitanda. Celine akaleta chai. Waliongea habari za mahindi ya Ndanai, ambayo yalikuwa na mdudu. Baada ya kikombe cha kwanza Kiplimo alivua koti. Baada ya cha pili akavua sweta. Kisha akainama akachungulia chini ya kitanda.

"Moto iko wapi?"

"Iko kwa ng'ombe," mama yake akamjibu.

Alidhani anachezewa. Celine akampeleka. Alisimama zizini, akaweka kiganja mbele ya feni, akafuata paipu kwa macho hadi ukutani, akatoka nje, akarudi, akaweka kiganja tena. Anasema mwenyewe kwamba alikuwa anatafuta mahali pa kupinga, hakupaona. Alirudi chumbani. Alisimama mlangoni, mlango wazi, mzigo miguuni pake.

"Kiplimo," Chepkemboi akamwita. "Rudisha mzigo yangu ndani, na ufunge huo mlango. Unanipotezea joto."

Mwanamume huyo wa miaka hamsini na zaidi aliuinua mzigo. Celine anasema shemeji yake alicheka huku machozi yanamtoka, na yeye akajifanya anakusanya vikombe.

Pikapu ilirudi Ndanai na godoro lake. Lakini Kiplimo aliacha sharti. Muuguzi Jennifer aje kila Ijumaa ya Julai, na Ijumaa yoyote atakayosema mambo ni mabaya, yeye Kiplimo atarudi na pikapu siku hiyohiyo.

Julai haikuwa ya mchezo. Wiki ya tatu stima ilipotea siku mbili. Chumba kilishikilia joto saa tatu tu, kisha kikaanza kupoa, na Chepkemboi akaanza kukohoa. Aliomba moto, kidogo tu, wa vijiti vitatu. Celine alikataa, na kukataa huko, anasema, kulimwuma kuliko kufiwa. Hatimaye walifanya walichoweza. Celine na majirani walimbeba bikizee na kiti chake, wakamweka zizini katikati ya ng'ombe, amefunikwa makoti yote ya nyumba. Alikaa humo mchana kutwa akiwasemesha ng'ombe kwa majina. Stima iliporudi, alikuwa amekwisha kuzoea, ikabidi abembelezwe kutoka.

Ijumaa hiyo Jennifer alimhesabu pumzi mara mbili, kwa saa ya mkononi, uso umekunjamana. Mwaka jana siku ya kulazwa zilikuwa thelathini na sita kwa dakika. Mara hii zilikuwa ishirini na mbili.

"Nilimwangalia Celine nikaona hapumui," Jennifer anakumbuka. "Nikamwambia, sasa ni wewe nitahesabu. Kogo yuko sawa."

Julai imekwisha. Mashine inakula stima ya shilingi mia nne na kitu kwa mwezi. Majirani, waliokuwa wakisema nyumba isiyo na moto haina mwenyewe, sasa huja jioni, wanavua viatu mlangoni na kunyoosha miguu, na bikizee amepata tena watu wa kupiga nao porojo. Halalamikii kitu ila kelele, na hata hiyo, anasema, inamsaidia kujua kwamba mwenzake yu hai.

Kituo cha afya kimemwomba Celine awatengenezee chumba cha watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati. Pale hakuna ng'ombe, kwa hiyo anawaza namna ya kuifanya mashine ijizime yenyewe inapoanza kuganda. Amekadiria itahitaji shilingi elfu sita na kompresa mbili, na moja Muchiri amekwisha kuiahidi. Anataka imalizike kabla ya baridi ya mwakani. Muchiri naye anamhimiza afungue karakana na kuziuza, na amekwisha kumtafutia jina la kuandika juu ya mlango.

Celine anamaliza kusugua wavu, anashuka kwenye jiwe, anapangusa mikono kwenye koti la nje. Ndani, Chepkemboi amesikia watu wanazungumza habari za mwakani, naye si mtu wa kukosa neno.

"Mwambie huyo wa gazeti aandike," anaita kutoka chumbani, kwa pumzi moja, bila kukatika. "Kufa nitakufa. Lakini si Julai, na si Ndanai!"

Celine anacheka, kisha anageuza uso upande wa ng'ombe.

"Watu wananiuliza nitauza mashine ngapi," anasema. "Ile ya watoto nitatengeneza, hiyo nimeahidi. Lakini yangu mimi, ile naomba kwa Mungu, ni Julai moja tena na yeye. Halafu ingine. Nikipata tatu, nitaacha kuhesabu."